Filamu za Bukavu zinatazamwa Ulaya, wakaaji wa Bukavu wangali mlangoni

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Mkaaji wa Kadutu anayetaka kujua ni mchezo gani utaigizwa mjini Jumamosi ijayo, au ni filamu gani itaonyeshwa, saa ngapi na kwa franka ngapi, hana ukuta wa kwenda kusoma. Inabidi awe na rafiki. Rafiki huyo naye inabidi awe ndani ya kundi la WhatsApp la shirika fulani, au awe na mtoto kwenye shule yenye sale, au awe anajuana na watu wa kituo cha utamaduni. Mara nyingi habari inapomfikia inakuja kwa njia ya picha: watu wameketi, wamepiga makofi, wamekunywa soda, wamerudi nyumbani. Ilikuwa jana.

Mji wenye wakaaji zaidi ya milioni moja unaendesha sanaa yake kama arusi. Bila mwaliko hupati kiti. Tena katika arusi anayekosa mwaliko ni jirani tu, lakini hapa wanaokosa mwaliko ndio wenye habari inayosimuliwa jukwaani.

Husemwa kila mara kwamba shida ya Bukavu ni kukosa sale. Si kweli. Sale zipo: za shule, za parokia, za hoteli, za vituo vya utamaduni. Zingine ni za zamani, zilijengwa wakati mji ulikuwa bado unaitwa Costermansville, na kuta zake ni nzuri kuliko nyingi zilizojengwa baadaye. Kinachokosekana ni kalenda. Karatasi moja iliyobandikwa nje, inayosema wazi nini kinakuja, siku gani, kwa bei gani, kwa lugha gani, na kwamba kila mtu anaruhusiwa kuingia. Karatasi hiyo inaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini anayeiandika ndiye anayeamua Bukavu itajiona vipi na itajiona lini, na mpaka leo anayeiandika si mkaaji wa Bukavu.

Siku tatu za Alfajiri

Mwenye kudhani kwamba sale ya teatre ni mchezo wa watoto akumbuke tarehe 29 hadi 31 Mei 2015. Siku hizo tatu, sale ya Collège Alfajiri, shule ya Wajezuiti katika komini ya Ibanda, iligeuka kuwa mahakama. Haikuwa mahakama ya serikali. Mtengenezaji wa michezo ya kuigiza kutoka Uswisi, Milo Rau, alipanga kile alichokiita Mahakama ya Kongo: wanasheria wa kweli, mashahidi wa kweli, wakubwa wa kweli, wote juu ya jukwaa moja, mbele ya watu. Hakuna aliyevaa sura ya mwingine. Aliyechimba madini alizungumza kama mchimbaji, na kiongozi alijibu kama kiongozi.

Kesi zilizosikilizwa zilijulikana na kila mtu wa Kivu. Mauaji ya Mutarule, katika bonde la Ruzizi, Juni 2014, ambako watu zaidi ya thelathini waliuawa usiku na jeshi halikufika kwa wakati. Mgodi wa dhahabu wa Twangiza na jamaa waliohamishwa kwa ajili yake. Mgodi wa kasiteriti wa Bisie, kule Walikale. Ni mambo ambayo kwa miaka watu waliyasema kwa sauti ya chini, sokoni na ndani ya teksi. Siku hizo yalisemwa kwa kipaza sauti.

Mahakama hiyo haikuwa na askari wala jela. Haikuweza kumfunga mtu. Hata hivyo, baada ya vikao vya Bukavu, mawaziri wawili wa jimbo, yule wa mambo ya ndani na yule wa madini, waliondolewa kazini. Siku tatu za sale moja zilifanya jambo ambalo malalamiko ya miaka hayakulifanya: ziliwalazimisha wakubwa waketi, wasikilize, kisha wajibu huku wakitazamwa usoni.

Halafu? Mwezi uliofuata vikao viliendelea Berlin. Mwaka 2017 filamu ilitoka, ikazunguka kwenye maonyesho ya Ulaya. Na sale ya Alfajiri ikarudi kwa wanafunzi wake.

Hapo hakuna kosa la Alfajiri. Sale ya shule ni ya wanafunzi kwanza, na shule iliyokubali kufungua milango yake kwa kesi nzito kama hizo ilionyesha ujasiri ambao ofisi nyingi za umma hazina. Swali linaenda kwa mji. Kwa nini Bukavu ilihitaji mtu wa Uswisi aje kuwaonyesha wakaaji wake kwamba wanaweza kukaa pamoja na kuzungumza juu ya wafu wao? Na baada ya kuona kwamba inawezekana, kwa nini haikupangwa Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya kumi, kwa mikono ya watu wa hapa?

Zimezaliwa hapa, zimekulia kwingine

Mahakama ile si peke yake. Ziko filamu zilizopigwa Bukavu ambazo dunia inazijua kwa jina.

Mwaka 2015 Mbelgiji Thierry Michel alitoa filamu juu ya Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, *L'homme qui répare les femmes*. Panzi si nchi ya mbali. Ni mwendo wa teksi kutoka katikati ya mji. Wanawake wanaozungumza ndani ya filamu ile ni dada na mama za watu wa hapa, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Ulaya waliiona. Lakini Septemba mwaka ule ule serikali ya Kinshasa ilikataza isionyeshwe Kongo. Msemaji wa serikali, Lambert Mende, alisema filamu inaharibu jina la jeshi, na akadai kwamba maneno ya wanawake hayakutafsiriwa sawasawa. Katazo liliondolewa Oktoba, baada ya kelele nyingi.

Mtu asimame kidogo juu ya sababu hiyo ya tafsiri. Ikiwa ubishi ulikuwa juu ya maneno ya Kiswahili kugeuzwa Kifaransa, ni nani duniani angeweza kuamua kuliko watu wa Bukavu? Ilitosha kuionyesha filamu ndani ya sale iliyojaa wamama wa Panzi, wa Kadutu na wa Bagira, kisha kuwauliza: maneno haya ndiyo yaliyosemwa au siyo? Jibu lingepatikana kwa saa mbili. Badala yake ubishi ulifanywa kati ya Kinshasa na Ulaya, kwa Kifaransa, juu ya vichwa vya wenye lugha.

Baada ya hapo ikaja *Maman Colonelle* ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Filamu hiyo inaanza Bukavu, ambako Kanali Honorine Munyole wa polisi alikuwa akilinda wanawake na watoto kabla ya kuhamishwa Kisangani. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Berlin, na Paris ikapewa zawadi ya kwanza ya Cinéma du Réel. Ikaja *City of Joy*, juu ya nyumba ya wanawake iliyofunguliwa Bukavu mwaka 2011. Tangu 2018 filamu hiyo iko Netflix. Mwenye kuishi Chicago anaifungua kwa kidole. Mwenye kuishi nyuma ya ukuta wa nyumba yenyewe anahitaji kadi ya benki, megabaiti na umeme wa SNEL, vitatu kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bukavu imeigeuza methali hiyo: mcheza kwao hutunzwa ugenini, na wa kwao husikia kwamba alitunzwa.

Kuna atakayejibu kwamba filamu hizo ziliwahi kuonyeshwa hapa. Maonyesho ya namna hiyo hufanyika, kweli: usiku mmoja, mbele ya wageni rasmi, hotuba tatu kabla na hotuba mbili baada. Kuonyesha mara moja kwa walioalikwa si kuonyesha kwa mji. Muhogo hauuzwi sokoni siku moja kwa mwaka, tena kwa wenye barua.

Ufunguo ni wa zamani

Desturi hii haikuanza jana. Wabelgiji walipoujenga mji waliugawanya: Ibanda na rasi zake za ziwa kwa Wazungu, Kadutu na Bagira kwa weusi. Sinema nayo iligawanywa. Sheria ya koloni ilikataza Mkongo kutazama filamu isiyopitishwa na tume ya ukaguzi kwa ajili ya "wenyeji". Mzungu aliamini kwamba mtu mweusi akiona mzungu anaiba au anapigwa ndani ya filamu, heshima itakwisha.

Kwa hiyo kulitengenezwa filamu za pekee kwa ajili ya Wakongo, na wamisionari ndio waliobeba kazi hiyo kwa sehemu kubwa. Kivu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake: Mapadre Weupe walikuwa na kundi lao, Africa Films, lililotengeneza filamu za mafundisho hapa hapa. Watu wa Kivu walikuwa ndani ya filamu kabla ya uhuru, wakiigizwa na kufundishwa. Kitu kimoja hawakupewa: kuchagua watazame nini.

Uhuru ulikuja, na vita navyo vikaja, kimoja baada ya kingine. Mwaka 1967 mamluki wa Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, wakauacha umebomoka. Ikaja 1996, ikaja Juni 2004. Kote Kongo sinema za zamani zilikufa, nyingi zikawa makanisa ya uamsho, zingine depo za bidhaa. Watu hawakuacha kutazama filamu. Walihamia kwenye vyumba vya video vya mitaani, mabenchi ya mbao, televisheni moja, filamu za Hong Kong na za Nigeria, na sauti ya mtu anayezitafsiri kwa lugha inayosikika.

Vyumba hivyo vinadharauliwa na wasomi. Lakini viangaliwe vizuri. Bei imeandikwa kwa mkono na inajulikana. Saa inajulikana. Filamu ya siku imeandikwa kwa chaki mlangoni. Lugha ni ya watazamaji. Mwenye chumba cha video amekuwa na kalenda ya umma siku zote, bila msaada wa mfadhili yeyote, huku sale kubwa zenye jukwaa na mapazia zikishindwa na jambo hilo.

Walivyofanya wengine

Nani anaandika kalenda ya sale ya mji? Swali hilo liliwahi kutingisha jirani. Mwaka 1976, Nairobi, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walikuwa na mchezo juu ya Dedan Kimathi, shujaa wa Mau Mau. Francis Imbuga naye alikuwa na mchezo wake. Yote miwili ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC la Lagos. Walipoomba siku katika Jumba la Taifa la Maonyesho, waliambiwa nafasi ni chache, kwa sababu wageni wenye mchezo wa kuchekesha na wacheza dansi wa Ufaransa walikwisha kupangiwa. Nchi ilikuwa huru miaka 13, na shujaa wake akangoja zamu nyuma ya wageni katika jumba lenye jina la taifa. Walipewa siku chache, na watu wakajaa.

Ngũgĩ alitoa somo moja kutokana na hayo. Alienda kijijini Kamiriithu, karibu na Limuru, ambako wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa lao chini ya mbingu na kuigiza kwa Kigikuyu. Mchezo ulikatazwa Novemba 1977 baada ya wiki chache tu, mwandishi akakamatwa mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali haikuwahi kuogopa mchezo wa kuchekesha wa wageni. Iliogopa watu wa kawaida wakijiona wenyewe kwa lugha yao, kila juma, kwa tarehe iliyojulikana.

Mifano ya furaha nayo ipo. Goma, ng'ambo ya ziwa, Tamasha la Amani lilianza Februari 2014, miezi michache baada ya vita vya wakati ule kusimama. Lilifanyika ndani ya uwanja wa shule, kwa kiingilio cha dola moja. Ilikuwa shule kama Alfajiri. Tofauti ilikuwa kwamba tarehe zilitangazwa mapema na bei ilitajwa kwa kila mtu, basi maelfu ya vijana walijua waende wapi na wabebe nini. Zanzibar, tamasha la filamu la ZIFF limetumia Ngome Kongwe tangu 1998. Ngome hiyo ina karne tatu, na haikujengwa kwa ajili ya sinema hata kidogo. Tena ZIFF haikungoja watu wa shamba wafike mjini: ilibeba filamu mpaka vijijini, ikazionyesha bure.

Basi asiwepo wa kusema kwamba lazima kwanza lijengwe jumba jipya la mamilioni. Waliofaulu walianza na walichokuwa nacho.

"Wakati wa vita, nani anataka teatre?"

Hilo ndilo jibu linalokuja kwanza siku hizi, na halistahili kudharauliwa. Katikati ya Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga milango. Mshahara ukawa hadithi. Tarehe 27 ya mwezi ule ule, milipuko iliua watu zaidi ya kumi katika mkutano kwenye Place de l'Indépendance. Tangu siku hiyo, mama anayesikia neno "mkusanyiko" anamshika mtoto mkono. Ni haki yake.

Lakini angalia watu wanafanya nini kwa kweli. Wanakwenda kanisani, wengi, kila juma. Wanakwenda matangani. Wanatazama mpira mahali penye televisheni, wakibanana. Hawajaacha kukusanyika. Wamechagua mahali panapojulikana, pa saa inayojulikana, ambako wanamfahamu mwenye mlango. Hofu haizuii kila mkusanyiko; inazuia ule usioeleweka umeitishwa na nani na kwa nini. Hivyo hofu yenyewe inadai kalenda. Onyesho la siri kwa watu wachache wenye mwaliko halimlindi mtu. Linamfanya kila asiyealikwa aulize kuna nini ndani.

Jibu la pili ni simu. Kila kijana ana filamu mfukoni, kwa nini aende kwenye sale? Kwa sababu simu haiulizi swali. Mtu anayetazama peke yake habari ya ubakaji, ya mauaji au ya mgodi analala nayo peke yake. Watu mia mbili wakiitazama pamoja, taa zikiwaka, lazima mmoja asimame aseme jambo, na mwingine ambishie. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyowatoa jasho wakubwa mwaka 2015. Hakuna waziri aliyewahi kuondolewa kwa sababu ya filamu iliyotazamwa kwenye simu chini ya blanketi.

Jibu la tatu ni la lugha. Husemwa kwamba Kifaransa ndicho kinafaa kwa sanaa ya heshima, na kwamba wafadhili wanakielewa. Jibu lake liko Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi, redioni, kwenye televisheni na jukwaani, na likawa maarufu kuliko makundi mengi ya Kifaransa. Wataalamu wa kigeni waliandika vitabu juu yake. Kiswahili cha Bukavu, pamoja na Mashi yake na Kifaransa chake kilichochanganywa, kinatosha kumchekesha na kumliza mtu yeyote kati ya Kadutu na Uvira. Redio za jamii zinakitumia kila siku, na Radio Maendeleo, iliyoanza 1993, haijawahi kulalamika kwamba inakosa wasikilizaji. Mlango wa sale ndio mahali ambapo lugha ya mji huachwa nje pamoja na mwavuli.

Jibu la nne halisemwi kwa sauti: kwamba mambo mazuri yakifunguliwa kwa wote yataharibika. Watu wa Kadutu watapiga kelele, watakula karanga, watavunja viti. Hilo ni wazo la tume ya ukaguzi ya Wabelgiji, limebadilisha koti tu. Wanaokaa saa nne kanisani bila kuvunja benchi wanaweza kukaa saa mbili mbele ya filamu.

Yanayodaiwa

Malalamiko bila hesabu hayamsaidii mtu. Haya ndiyo yanayowezekana, hata katika hali ya leo.

Kwanza, kila mwenye sale inayopokea michezo au filamu, awe shule, parokia, hoteli au kituo cha utamaduni, abandike nje karatasi ya mwezi mzima. Jina la onyesho, siku, saa, bei, lugha. Kama onyesho ni la walioalikwa tu, liandikwe hivyo waziwazi, ili mji ujue ni mara ngapi unafungiwa. Karatasi hiyo hiyo isomwe redioni, kwa maana wengi wanasikiliza kuliko wanaopita Avenyu Lumumba.

Pili, saa iwe ya mchana. Jua la Bukavu linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Onyesho linaloanza saa kumi na mbili ni la wenye magari. Likianza saa nane mchana na kwisha kabla ya saa kumi na moja, mama wa Bagira anarudi nyumbani kukiwa bado kweupe. Gharama ya kubadilisha saa ni sufuri.

Tatu, bei itajwe kwa franka za Kongo na isizidi nauli ya kwenda na kurudi. Mashirika yanayopata pesa za nje kwa ajili ya "kuhamasisha jamii" yalipe viti vya jamii hiyo kabla ya kulipa soda za wageni rasmi.

Nne, atakayekuja kupiga filamu Bukavu aandike katika makubaliano yake kwamba filamu itarudi. Irudi si kwa usiku mmoja. Irudi kwa siku zilizotangazwa, katika komini zote tatu, na sauti au maandishi ya Kiswahili. Wanaotoa machozi yao mbele ya kamera wana haki ya kuyaona kabla hayajauzwa. Mashirika ya kiraia na viongozi wa kata wanaosaini barua za kuruhusu kamera wana nguvu ya kudai hilo leo hii, bila sheria mpya.

Tano, makundi ya vijana wa teatre na wapiga filamu wa hapa wapewe siku maalum, angalau Jumamosi moja kwa mwezi, ambayo haiwezi kuondolewa hata kama mgeni mkubwa amefika. Mwaka 1976 Nairobi ilionyesha kinachotokea pale ambapo siku ya mwenyeji haijaandikwa.

Wenye sale watasema hawana pesa za jenereta. Ni kweli, na umeme unaotoka Ruzizi, mlangoni mwa mji, bado unakatika wakati wowote. Lakini mchezo wa kuigiza mchana hauhitaji umeme. Unahitaji madirisha yaliyofunguliwa. Filamu inaweza kungoja siku ya mafuta. Kalenda haina sababu ya kungoja.

Wenye mamlaka, wowote wale watakaokuwapo mwezi ujao, watataka kujua nani aliruhusu. Wataanza kuuliza orodha, mihuri na ada. Tume ya ukaguzi wa nyimbo na maonyesho ipo Kinshasa tangu miaka ya 1990, na Novemba 2021 nyimbo za kundi la MPR na za Bob Elvis zilikatazwa kwa sababu ziliuliza maswali. Kila aliyewahi kuishika nchi hii alielewa nguvu ya jukwaa. Kilichobaki ni wakaaji wenyewe kuielewa na kuishika kwa njia ya kawaida kabisa: kwa kuja, kulipa kidogo, kukaa, kuuliza, na kurudi Jumamosi inayofuata. Sale iliyojaa kila juma kwa saa inayojulikana ni ngumu kuifunga kimyakimya. Sale inayofunguliwa mara moja kwa mwaka kwa wenye mwaliko haihitaji hata kufungwa.

Mwezi ujao utakuwa na Jumamosi zake. Kila mwenye sale mjini Bukavu anajua tayari ni zipi kati yake ziko wazi. Aandike karatasi, aibandike nje.